Maji ya Pwani na uchafu wa mito ya Nairobi

Wakazi wa Tiwi, Kaunti ya Kwale, hutumia maji ya visima vinavyohudumia pia Likoni na Diani. Wenzao wa Mombasa na Malindi hutegemea zaidi Baricho, ambako maji huvutwa kutoka visima vilivyo kando ya Mto Sabaki. Sabaki ndio Athi wenyewe, na Athi hupokea Mto Nairobi na ule wa Ngong unaopita Eneo la Viwanda. Mchanga wa kingoni huchuja tope, lakini si kila kemikali iliyoyeyuka.

Kupima mto ulioharibiwa hakuishii katika chupa moja ya maji. Kiasi cha oksijeni huonyesha kama samaki waweza kuishi. Lakini risasi, kromiamu na metali nyingine nzito hutua topeni, hata maji ya juu yakionekana safi. Kwa hiyo tope nalo hupimwa, kabla na baada ya kila bomba la kiwanda, masika na kiangazi, ndipo mwenye kumwaga ajulikane.

Kinachofuata ni kuziba chanzo. Tope huondolewa baadaye, tena kwa uangalifu, kwani likivurugwa hovyo sumu hurudi majini. Miti ni ya mwisho. Nairobi imezoea kuanzia huko mwisho: usafishaji ulioongozwa na Waziri John Michuki kuanzia 2008 uliondoa taka na kupendezesha kingo, lakini majitaka hayakukoma. Mpango uliozinduliwa na Rais William Ruto Machi 2025 unajumuisha mabomba ya majitaka. Kama umefaulu, tope la Mto Ngong litaonyesha.