Njia ya Baiskeli Imegeuka Soko
Kila Jumapili alfajiri sisi waendesha baiskeli hukutana Buruburu, walimu wawili na vijana wa Kayole. Mazungumzo ni yale yale: breki zilizolika, panchari, na iwapo tufuate Barabara ya Kangundo hadi Tala. Mimi hushikilia kwamba mnyororo ufutwe vumbi kwanza ndipo utiwe mafuta, kwani mafuta juu ya mchanga husaga meno ya gia. Vijana humtaja Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, mshindi wa Tour de France mara 4 kati ya 2013 na 2017.

Juma lililopita mwanafunzi mmoja aliuliza mbona hatupiti njia ya baiskeli ya Outer Ring. Nilimwonyesha vibanda, bodaboda na marobota ya mitumba. Tukashuka barabarani, matatu ikampita kwa upana wa kiganja. Mamake ameuficha ufunguo wa kufuli.