Ufafanuzi wa Istilahi za Kawaida za Bima ya Gari nchini Tanzania: Maana ya Mtaani na Maana ya Mkataba

Ikisiri

Makala hii inafafanua istilahi zinazotumika mara kwa mara katika bima ya gari nchini Tanzania, kwa kulinganisha maana ya neno katika mazungumzo ya kila siku na maana yake ndani ya mkataba. Istilahi zinazojadiliwa ni bima kubwa na bima ndogo, mtu wa tatu, fidia, thamani, eksesi na dai. Hoja kuu ni kwamba istilahi hizi, ingawa zimeundwa kwa maneno mepesi ya Kiswahili, huficha masharti ambayo mwenye gari huyatambua baada ya ajali, wakati ambapo hawezi tena kuyabadili.

1.0 Utangulizi

Neno bima limeingia katika Kiswahili kutoka lugha za Kihindi, nazo zililipata kutoka Kiajemi. Limezoeleka kiasi kwamba mtumiaji halioni tena kuwa ni la kigeni. Hali ni tofauti kwa istilahi zinazolizunguka. Mikataba mingi ya bima huandikwa kwa Kiingereza, ilhali maelezo ya mauzo hutolewa kwa Kiswahili, kwa mdomo, na wakala aliye mbele ya mteja. Kwa hiyo, mwenye gari hununua kitu kwa lugha moja na hufidiwa, au hunyimwa fidia, kwa lugha nyingine. Kati ya lugha hizo mbili ndipo kutoelewana kunapozaliwa.

Kwa mujibu wa kifungu cha 4 cha Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, hairuhusiwi kutumia gari barabarani, wala kumruhusu mtu mwingine kulitumia, bila kuwapo kwa bima inayokidhi matakwa ya sheria hiyo. Sekta nzima husimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA). Kwa kuwa sheria inamlazimisha kila mwenye gari kuingia katika mkataba huu, uelewa wa istilahi zake si suala la wataalamu peke yao.

2.0 Bima Kubwa na Bima Ndogo

Mtaani, aina za bima ya gari hugawanywa kwa vivumishi viwili: kubwa na ndogo. Bima ndogo ni ile inayolazimishwa na sheria, yaani bima ya dhima kwa watu wengine. Bima kubwa hujumuisha dhima hiyo na kuongeza uharibifu wa gari la mwenye bima, wizi na moto. Kati ya hizo mbili ipo aina ya tatu isiyo na jina la mtaani, ambayo hukinga dhima kwa watu wengine pamoja na moto na wizi wa gari, lakini haigusi uharibifu utokanao na mgongano.

Vivumishi hivi vinapotosha kwa namna mbili. Kwanza, neno ndogo hudokeza kuwa bima hiyo ni ya ajali ndogo. Kinyume chake, bima ndogo ndiyo inayobeba hasara nzito kuliko zote, yaani kifo na majeraha ya mwili ya watu wengine. Udogo wake upo katika ada na katika idadi ya mambo inayoyakinga, wala haupo katika uzito wa mambo hayo. Pili, neno kubwa hudokeza kuwa kila kitu kimekingwa. Mwenye bima kubwa anayetumia gari lililosajiliwa kwa matumizi binafsi kubeba abiria wa kulipa nauli, au anayemkabidhi usukani mtu asiye na leseni halali, anaweza kukataliwa fidia ya gari lake hata kama ada yote imelipwa. Ukubwa wa bima hauondoi mipaka ya matumizi iliyoandikwa katika mkataba.

3.0 Mtu wa Tatu

Istilahi mtu wa tatu huwachanganya wengi kwa sababu msikilizaji hutafuta mtu wa kwanza na wa pili katika eneo la ajali. Huhesabu dereva, kisha abiria, kisha mpita njia. Hesabu hiyo haianzii barabarani bali katika mkataba. Mtu wa kwanza ni mwenye bima, wa pili ni kampuni ya bima, na wa tatu ni yeyote aliye nje ya mapatano yao.

Sarufi ya Kiswahili inatoa njia nyepesi ya kulieleza jambo hili. Katika mfumo wa nafsi, mimi na wewe ndio tunaozungumza, na yeye ndiye anayezungumziwa ilhali hayumo katika mazungumzo. Mtu wa tatu wa bima ni huyo yeye. Hakutia saini wala hakulipa ada, lakini mkataba umefungwa kwa ajili ya madhara yanayoweza kumfika.

Ufafanuzi huu una matokeo ya kisheria. Kifungu cha 10 cha Sura ya 169 kinaitaka kampuni ya bima, chini ya masharti yaliyoainishwa, kulipa hukumu iliyotolewa kuhusu dhima ambayo sheria inalazimisha ikatiwe bima, hata pale kampuni inapokuwa na haki ya kuuvunja mkataba dhidi ya mteja wake. Mantiki yake ni kwamba mjeruhiwa hapaswi kuadhibiwa kwa kosa la mtu aliyemgonga. Hata hivyo, kampuni inaweza baadaye kumgeukia mteja huyo na kudai irejeshewe ilichokilipa. Mwenye bima ndogo anayeamini kuwa ajali imekwisha baada ya majeruhi kulipwa anaweza kujikuta mdaiwa wa kampuni yake mwenyewe.

Ni muhimu pia kutenganisha mwili na mali. Ulazima wa sheria hiyo unahusu kifo na majeraha ya mwili. Kinga dhidi ya uharibifu wa mali ya mtu wa tatu, kwa mfano ukuta wa nyumba au gari jingine, hutokana na mkataba wenyewe na huwa na kikomo kilichoandikwa humo.

4.0 Fidia, Thamani na Eksesi

Neno fidia lina asili ya Kiarabu, na mzizi wake unahusiana na kukomboa. Katika bima lina maana finyu zaidi: kumrudisha mwenye bima katika hali ya kifedha aliyokuwa nayo muda mfupi kabla ya hasara, bila kumtajirisha. Ndiyo maana gari lililonunuliwa miaka 5 iliyopita halilipwi kwa bei ya kununulia, bali kwa thamani yake sokoni siku ya ajali, na kwa kawaida malipo hayazidi kiasi kilichotajwa katika mkataba.

Kutaja thamani pungufu ili kupunguza ada ni kosa la kawaida, na madhara yake hudhihirika kwa hesabu. Tuchukulie gari lenye thamani halisi ya shilingi 20,000,000, na kiwango cha ada cha asilimia 3.5. Ada kabla ya kodi ingekuwa shilingi 700,000. Mwenye gari akitaja thamani ya shilingi 12,000,000, ada hushuka hadi shilingi 420,000, naye huona ameokoa shilingi 280,000. Gari likipata uharibifu wa shilingi 5,000,000, mkataba wenye kifungu cha uwiano utamhesabu kuwa amekata bima ya asilimia 60 tu ya gari lake. Fidia itakuwa shilingi 3,000,000, na shilingi 2,000,000 zilizobaki atazibeba mwenyewe.

Hapo ndipo eksesi inapoingia. Eksesi ni sehemu ya kila hasara ambayo mkataba unamwachia mwenye bima. Lengo lake ni kuzuia madai madogomadogo na kumfanya dereva awe mwangalifu. Ikiwa katika mfano wetu eksesi ni asilimia 10 ya fidia, shilingi 300,000 zitakatwa, na mwenye gari atapokea shilingi 2,700,000 kwa hasara ya shilingi 5,000,000. Asiyejua istilahi hizi mbili ataona ameibiwa. Anayezijua ataona matokeo ya maneno aliyoyakubali siku ya kukata bima.

5.0 Dai

Kitenzi kudai kina maana mbili zinazokaribiana. Mtu akisema "nakudai", anamaanisha kuwa deni limeshathibitika na kilichobaki ni malipo. Lakini dai la bima ni ombi linalohitaji kuthibitishwa. Anayelileta huwajibika kutoa taarifa mapema, kuwasilisha ripoti ya polisi inapohitajika, na kuliacha gari likaguliwe na mkadiriaji wa hasara kabla ya kutengenezwa. Mteja anayekwenda na fikra ya deni hulipeleka gari gereji kwanza na kuwasilisha risiti baadaye, na kwa kufanya hivyo huharibu ushahidi wa dai lake.

Dai likikataliwa, mteja ana haki ya kuomba sababu kwa maandishi. Asiporidhika, anaweza kulifikisha lalamiko lake kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyoanzishwa ili kusuluhisha migogoro kati ya kampuni na wateja nje ya mahakama.

6.0 Hitimisho

Uchambuzi huu umeonesha kuwa tatizo la istilahi za bima ya gari halitokani na ugumu wa maneno. Linatokana na wepesi wake. Kubwa, ndogo, mtu, thamani na dai ni maneno ambayo kila mzungumzaji anadhani anayajua, hivyo haulizi. Istilahi ngeni humfanya mtu asite na kuomba maelezo, ilhali istilahi nyepesi humfanya atie saini.

Makala hii inapendekeza mambo mawili. Kwanza, kila mkataba wa bima ya gari uambatane na ukurasa mmoja wa Kiswahili unaotaja kile kilichokingwa, kisichokingwa, eksesi na kifungu cha uwiano, pamoja na mfano wa hesabu. Pili, wakala afafanue bima kwa kutaja yale inayoyakinga, kama vile bima ya dhima au bima ya dhima na gari, badala ya kutegemea ukubwa na udogo pekee. Kwa mwenye daladala au teksi ambaye gari ndilo riziki ya familia yake, maelezo hayo mafupi yanaweza kuamua kama ajali moja itakuwa hasara ya mwezi au mwisho wa biashara.