Tiba ya Muziki na Umuhimu wa Usajili

Tiba ya muziki ni huduma ya afya ambayo mtaalamu hutumia uimbaji na ala kumsaidia mgonjwa, kwa mfano aliyepoteza usemi kutokana na kiharusi.

Nchini Uingereza, Juliette Alvin alianzisha chama cha kuendeleza tiba hiyo mwaka 1958. Wataalamu waliungana kudai kutambuliwa, na hatimaye sheria ikawatambua. Mwaka 2011 vyama vyao viwili viliunganishwa kuwa kimoja.

Leo, asiyesajiliwa akijiita mtaalamu wa tiba ya muziki kwa nia ya kudanganya, anatenda kosa. Daftari la waliosajiliwa liko wazi kwa umma, hivyo familia huweza kulikagua kabla ya kumkabidhi mgonjwa wao.