Wati 12,000 za River Road Ni Hewa: Geuza Hiyo Mashine Usome Nyuma Kabla Ulipe

Uko na ngiri kumi na tano. Umezikusanya tangu Januari, na Jumamosi hii unashuka tao kutafuta kitu ya kufanya keja itoe sauti. TV iko, Wi-Fi ya ploti iko, lakini spika za TV zinasikika kama mtu anaongea akiwa ndani ya kabati. Unataka risiva ndogo, spika kadhaa, na besi ya kukushika kifua kidogo. Form iko sawa. Shida ni kwamba kati ya stage na duka utakalonunua kuna watu ishirini ambao kazi yao ni kukusomea maandishi ya mbele ya boksi.

"Boss, hii ni wati elfu kumi na mbili. Ukiwasha, ploti yote inaamka."

Usibishane naye, ako kazini. River Road imekuwa ikiuza sauti tangu enzi za santuri za benga, na ndiyo ilipea filamu za Riverwood jina lake. Watu wa hapa wanajua spika vizuri. Wanajua pia mnunuzi asiyejua. Wewe muombe tu akugeuzie hiyo mashine uone mgongo, kwa sababu karibu kila kitu unachohitaji kujua kimeandikwa huko nyuma kwa herufi ndogo.

Anza na hiyo elfu kumi na mbili. Soketi ya ukuta wako ni ya ampea 13. Zidisha na volti 240, unapata wati 3,120. Hiyo ndiyo stima yote ambayo soketi moja inaweza kutoa bila kuchoma kitu. Sasa zile elfu nane na kitu zingine mashine inatoa wapi? Keretaka alikukataza koili ya maji juu inakula stima ya ploti. Kama wufa yako ingekuwa kweli ya 12,000, angekuwa mlangoni kwako kabla ngoma ya kwanza iishe.

Kilichoandikwa hapo mbele ni PMPO, namba ambayo haina kipimo rasmi popote. Kampuni inachukua nguvu ya nukta moja ya sekunde, inajumlisha spika zote, inaongeza chumvi, inachapisha. Marekani walichoka na mchezo kama huo hadi 1974 serikali yao ikaweka sheria kwamba anayetangaza amplifaya aseme nguvu inayotoka mfululizo. Hiyo ndiyo utaona ikiitwa RMS. Kwa boksi nyingi za Luthuli, RMS iko mahali fulani chini, kwa herufi za kusomwa na sisimizi, ama haiko kabisa.

Kama haiko, lebo ya nyuma inakupea jibu. Tafuta namba ya stima inayotumika. Ikisema 45W, mashine haiwezi kutoa mfululizo zaidi ya hiyo, hata muuzaji aape kwa jina la nyanya yake. Amplifaya za kisasa zile ndogo zinageuza karibu yote kuwa sauti, za zamani zinapoteza kama nusu kwa joto. Kwa hivyo 45W ya nyuma ni labda 25 hadi 40 za ukweli, spika zote zikiwa pamoja.

Hesabu ni hiyo hiyo kwa zile amplifaya ndogo za Bluetooth zinazotoshea kwa kiganja. Nyingi ziko na chipu ya TPA3116 ya Texas Instruments, na hiyo chipu ni safi. Inaweza kutoa wati 50 kila upande kwa spika za omu 4, lakini ikilishwa volti 21. Muuzaji anakupea adapta ya volti 12, ampea 5. Zidisha: wati 60 kwa jumla. Na kwa volti 12 utatoa karibu 15 kila upande. Mashine si mbaya. Imelishwa tu chakula kidogo, na wewe umelipishwa sahani kubwa.

Sasa hapa ndipo wasee wengi hushtuka: hizo 15 zinatosha. Spika ya kawaida ikipewa wati moja tu inatoa karibu desibeli 87 ukiwa mita moja mbele yake. Kila ukiongeza wati mara mbili, unaongeza desibeli tatu. Wati mbili ni 90, nne ni 93, nane ni 96, kumi na sita ni 99. Kwa bedsita ya Kangemi yenye mita tatu kwa nne, ukifika 96 jirani ameshabisha. Kanuni za kelele za NEMA za 2009 zinaruhusu desibeli 35 pekee usiku kwa mitaa ya makazi, na hiyo ni kama watu wakinong'onezana. Wati si shida yako. Shida yako ni mahali pa kuchomeka hiyo mashine, na kama itakuwa hai Disemba.

Hapo unarudi kwa mgongo. Ukiangalia mashine za ex-UK, na nyingi ni nzuri kuliko vitu vipya vya bei hiyo, tafuta volti. Uingereza iko sawa na sisi: volti 230, plagi ya miguu mitatu. Lakini kuna mizigo inayoingia ikitoka Japani, ambayo ni volti 100, na Marekani, volti 120. Ukichomeka hiyo kwa stima ya Kenya bila transfoma ya kupunguza, utasikia harufu kabla usikie ngoma. Na usiamini plagi! Plagi inabadilishwa na fundi kwa dakika mbili na bisibisi. Lebo iliyopigwa chapa kwa bati haibadilishwi kirahisi.

Kisha tofautisha risiva na "home theatre" ya seti, kwa sababu mtaani tunaita zote jina moja na ndipo tunachezwa. Seti inakuja na DVD, spika tano nyembamba na subwufa, zote zikitegemea ile boksi moja. Mara nyingi spika zake ni za omu 3 na plagi za kipekee. DVD ikikufa, umebaki na mapambo. Risiva ni tofauti: ni boksi ya katikati yenye matundu ya kuingiza waya za spika zozote, bora ziwe omu 6 au 8 kama ilivyoandikwa hapo nyuma, Ω. Ukichukua spika za omu 3 za seti iliyokufa uzichomeke kwa risiva ya omu 6, itapasha joto, itazima, itawaka, itazima. Muuzaji atakwambia ni stima ya KPLC.

Na hii moja isikupite, kwa sababu imekula pesa za wengi. Risiva ina tundu moja la subwufa, la mviringo kama yale ya waya nyekundu na nyeupe. Hilo tundu halitoi nguvu, linatoa ujumbe tu. Subwufa yako lazima iwe na amplifaya yake ndani na waya yake ya kwenda ukutani. Subwufa ya seti haina. Ukiiunganisha hapo itanyamaza kama mwizi ameulizwa jina. Kama kwa duka unaonyeshwa risiva na subwufa zikiwa "kamili", uliza subwufa inachomekwa wapi stima. Hakuna waya, hakuna biashara.

Sauti ya TV itafika aje kwa risiva? Waya tamu ni HDMI yenye maandishi ARC kando yake, pande zote mbili, TV na risiva. Hiyo ilianza na HDMI 1.4 mwaka wa 2009, kwa hivyo risiva ya zamani kuliko hapo inaweza kuwa na HDMI na bado isipokee sauti ya TV. Usikate tamaa. Tafuta tundu la optiko, lile la mraba lenye mlango kidogo na mwanga mwekundu. Linabeba spika tano na besi bila stress. Risiva ya zamani pia haiwezi kupitisha picha ya 4K, basi chomeka dikoda na vitu zako kwa TV moja kwa moja, halafu urudishe sauti pekee kwa risiva.

Lakini jiulize kwanza unatazama nini. Kama jioni zako ni movi za DJ Afro, jua kwamba yule amerekodi sauti yake juu ya filamu, na faili nyingi kama hizo zinakufikia kwa flashi zikiwa stereo, chaneli mbili. Spika tatu zingine zitakuwa zinakisia. YouTube ni hivyo hivyo kwa sehemu kubwa. Spika tano zina maana ukiwa na Netflix inayotoa 5.1, ama diski zako halisi. Kwa hivyo maoni yangu, na najua nitatukanwa: kwa ngiri kumi na tano usikimbilie spika tano. Tafuta risiva ndogo ya ex-UK ama amplifaya ya stereo, spika mbili nzito za mbao, basi. Subwufa ya kujitegemea utaongeza mwaka ujao. Spika mbili nzuri zinashinda tano za plastiki kila siku ya wiki.

Udogo wenyewe una siri. Risiva za kawaida ni sentimita 43 kwa upana na kama 16 kwenda juu, na zile nyembamba kama Marantz za NR hushuka hadi karibu 10. Pima stendi yako nyumbani kabla ushuke tao, na uache nafasi ya kiganja juu yake. Hizi vitu zinapumulia mgongoni na kichwani. Kile kitambaa cha kufuma mamako alikuletea kutoka ushago kifunike kochi, si risiva. Na mende wa ploti wanapenda joto kuliko wewe. Ukiwa dukani, washa tochi ya simu uchungulie ndani ya vitundu vya juu. Ukiona vinyesi vyeusi kama majani chai, unanunua familia.

Umependa moja? Sasa iwashe, na uiache ipige nusu saa. Ndiyo, nusu saa, ukae hapo kwa kigoda. Ubovu mwingi hautoki kwa dakika mbili za kwanza, unatoka mashine ikipata moto. Beba flashi yako yenye ngoma unazozijua. Jaribu kila tundu la spika moja baada ya nyingine. Zungusha kitufe cha sauti polepole usikilize mikwaruzo. Jaribu HDMI kwa TV ya duka, kwa sababu bodi ya HDMI hufa kabla ya vingine vyote. Ukionyeshwa Onkyo za kati ya 2009 na 2012 kuwa makini zaidi: baadhi zilikuwa na ugonjwa wa kupoteza sauti, hadi kampuni ikakubali kuzirepea bure mpaka mwisho wa 2018. Onkyo Home Entertainment yenyewe ilifilisika 2022, kwa hivyo usitegemee simu ya Osaka.

Kisha macho yako yasitoke kwa ile uliyojaribu. Muuzaji akisema "ngoja nikuletee mpya ya stoo", mwambie hapana, brathe, ni hii hii. Piga picha ya namba ya siri iliyo nyuma, ifungwe ukiiona, na ile namba iandikwe kwa risiti. Risiti iwe na jina la duka, si karatasi ya daftari. Kile kibango cha "bidhaa ikiuzwa hairudishwi" hakishindi Katiba: Kifungu cha 46 kinakupa haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa. Na kuna mahakama ya madai madogo, ilianza Milimani 2021, inasikiza kesi za hadi milioni moja na inafaa kumaliza ndani ya siku 60. Huhitaji wakili. Unahitaji ile risiti.

Kabla utoke eneo hilo, panda ngazi za jengo lolote lenye mafundi wa redio, umuulize mmoja kama anarepea modeli hiyo na kama vipuri anavyo. Fanya hivi kabla ya kulipa, ukiweza. Akicheka, rudi uchague ingine.

Ukifika keja usiichomeke hapo hapo ukutani. Tumia gadi ya TV, ile inayochelewesha stima kidogo ikirudi, kwa sababu stima ikipotea Kawangware na kurudi inarudi na hasira. Na makanga wa mathree akitaka kukulipisha kiti cha spika, hiyo bei mnapatana kabla hujapanda.