Penseli ya Kuchorea: Tazama Mdomo, Usitazame Rangi

Bushi ya mashine ikivunjika, iwe katika kiwanda cha sukari cha Kakira nchini Uganda au katika karakana ya shamba la chai, mara nyingi huchorwa na kuandikiwa vipimo ili fundi wa kukereza vyuma atengeneze nyingine. Mstari wa ukingo ukichanganyika na mstari wa kipimo, chuma hukatwa vibaya, na lawama humwangukia aliyechora. Kwa hiyo mfanyakazi anayejifunza michoro ili atoke kwenye ukibarua na kupanda daraja la ufundi hana budi kujua kuchagua penseli.

Twazungumzia penseli ya kubonyeza, ile isiyochongwa. Faida yake ni kwamba unene wa mstari haubadiliki sana tangu mwanzo hata mwisho. Risasi zake (twaziita risasi, ingawa ndani hamna madini hayo bali grafaiti) huuzwa kwa unene wa milimita 0.3, 0.5, 0.7 na 0.9. Kila penseli ina kipimo chake: risasi ya 0.5 ukiitia katika penseli ya 0.7 huteleza ikatoka. Katika michoro ya mashine, mstari mnene huwa kama mara mbili ya mwembamba. Mwenye uwezo wa kununua mbili achukue 0.3 kwa vipimo na 0.7 kwa kingo. Mwenye uwezo wa moja tu achukue 0.5, achore vipimo kwa mkono mwepesi na kuzikoleza kingo. Risasi ya HB yatosha kujifunzia. Ya 2H ni ngumu zaidi, haichafui karatasi upesi, lakini mstari wake ni hafifu.

Dukani muuzaji atakusifia rangi na kishikio cha mpira. Wewe tazama mdomo. Penseli ya mchoraji ina kibomba chembamba cha chuma, kilichonyooka, chenye urefu wa milimita 4 hivi, ili kiegemee rula vizuri na uone unapopitisha mstari. Kishike kwa kucha, kikicheza, irudishe. Kisha toa risasi kidogo, uikandamize juu ya karatasi. Ikirudi ndani, taya zinazoishika ni dhaifu. Pentel P205 ya Japani ina mwili wa plastiki tu, lakini kibomba chake ni cha namna hiyo. Rotring 600 ni ya chuma, nzito, na bei yake ni kubwa zaidi; mstari wake haulingani na tofauti hiyo ya bei.

Lakini kibomba hicho si cha kubeba mfukoni mwa ovaroli. Hutoboa kitambaa, na penseli ikiangukia mdomo juu ya saruji, hupinda na kazi yake imekwisha. Kando ya mashine, heri penseli ya risasi nene ya milimita 2, inayonolewa kwa msasa.

Kabla ya kutoa fedha yako, muulize mwakilishi wa chama tawini kama mkataba wa hali bora unataja vifaa vya kazi. Ikiwa kuchora ni sehemu ya kazi uliyopangiwa na mwajiri, si haki ujinunulie mwenyewe. Wanaosoma jioni kwa hiari yao wanaweza kuchangia risasi: kasha la 0.5 mara nyingi huwa na vijiti 12, na penseli moja yatosha vitatu au vinne, kwani ikijazwa sana hukwama.