Sindano ya kupunguza mwili: Kabla hujajidunga, soma hii

Umeiona TikTok, umeisikia saluni. Pengine hata kuna msee anaiuza kwenye kikundi chenu cha WhatsApp, na bei anakutumia 'inbox'. Sindano ya kupunguza mwili imefika mtaani, na wengi wanaiita tu Ozempic hata kama ni nyingine, vile tunavyoita kila sabuni ya unga Omo.

Sijakuja kukukejeli. Kama una mwili mkubwa, ushachekwa vya kutosha na makanga anayetaka ulipie viti viwili. Unene uliopita kiasi ni ugonjwa na kuutafutia dawa si aibu. Mimi si daktari, na chuo chenyewe niliachia njiani, ila ile karatasi ya ndani ya boksi nimeisoma hadi mwisho. Wengi wanaojidunga hawajaifungua.

Tuanze na majina. Ozempic na Wegovy zina dawa moja, semaglutide, ya kampuni ya Novo Nordisk kutoka Denmark. Marekani iliidhinisha Ozempic mwaka 2017 kwa kisukari cha aina ya pili, kisha Wegovy mwaka 2021 kwa unene. Mounjaro ni dawa nyingine, tirzepatide, ya kampuni ya Eli Lilly. Zote zinaiga homoni ya utumbo inayoambia ubongo kwamba umeshiba, na chakula kinakawia tumboni. Ndiyo maana hamu ya kula inashuka.

Je, inakufaa? Chukua kilo zako, gawanya kwa urefu wako kwa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Hiyo ndiyo BMI. Wegovy ni ya mtu mzima mwenye 30 kwenda juu, au 27 kama tayari ana shida kama presha au kisukari. Msichana wa kilo 68 na urefu wa mita 1.65 hafikishi hata 25. Kama ni wewe, na unataka tu kuingia kwenye gauni la harusi ya Desemba, hii dawa si yako.

Usijidunge kama una mimba au unapanga kuipata: semaglutide inafaa kuachwa angalau miezi miwili kabla. Ukitumia Mounjaro na unameza tembe za kupanga uzazi, jua inaweza kuzipunguza nguvu, kwa hivyo ongeza kondomu kwa wiki nne za kwanza na wiki nne baada ya kila dozi kupanda. Na mwambie daktari kama kwenu kuna aliyeugua saratani ya tezi ya thairoidi, au kama wewe umewahi kuugua kongosho.

Dozi inapanda ngazi. Wegovy huanza na miligramu 0.25 mara moja kwa wiki, kwa wiki nne, kisha inaongezwa polepole hadi 2.4. Ukiruka ngazi kwa sababu wiki ya pili bado unaona chapati ni tamu, utakesha ukitapika. Kichefuchefu, kuhara na kufunga choo ni kawaida mwanzoni. Kula kidogo kidogo, punguza mafuta, kunywa maji, na usiache mayai, ndengu na maharagwe, kwa sababu mwili ukipungua haraka misuli nayo inaenda. Lakini maumivu makali ya tumbo yasiyoisha, hasa yakifika mgongoni, si ya kuvumilia. Acha dawa, kimbia hospitali.

Sasa ile tabia ya marafiki watatu kuchanga pesa wanunue kalamu moja: wacheni. Hata mkibadilisha sindano, damu inaweza kurudi ndani ya kalamu, na hapo mnagawana hadi virusi vya Ukimwi na homa ya ini.

Na ya bei poa je? Juni 2024, Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo kuhusu Ozempic feki zilizonaswa Brazil, Uingereza na Marekani. Kama huko zilipenya, sembuse kwa muuzaji wa Instagram ambaye hata duka hana? Dawa hii kabla ya kufunguliwa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Iliyozunguka mjini juani kwenye begi la bodaboda inaweza kuwa imeharibika. Nunua kwa duka la dawa lenye leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu, ukiwa na karatasi ya daktari.

Mwisho, piga hesabu ya mfuko. Kwenye utafiti wa Wegovy, watu walipoteza wastani wa asilimia 15 ya uzito kwa wiki 68. Walipoacha, mwaka mmoja baadaye thuluthi mbili ya uzito huo ilikuwa imerudi. Kwa hivyo kabla ya kulipia kalamu ya kwanza, muulize daktari maswali mawili: nitaitumia kwa muda gani, na nikiishiwa na pesa tutafanyaje?