Utangulizi: Kuwajua Kunguru wa Nchi ya Chai

Anayetaka kujifunza elimu ya ndege akiwa Kericho au Bomet hana haja ya kuanzia ndani ya msitu wa Mau. Aanze na kunguru: yupo mwaka mzima, hajifichi, na amewazoea watu kiasi cha kutazamika bila darubini.

Familia yake, Corvidae, ina spishi zaidi ya 120 duniani. Ulaya na Asia wamo jei, jamaa zake wa rangi. Jei wa Ulaya ni wa hudhurungi iliyoiva wekundu, ana baka la buluu bawani, na huzika mbegu za mialoni ili azile wakati wa baridi, anazozisahau huota. Kwetu hakuna jei, ila ukoo haupimwi kwa rangi. Tazama mdomo wenye nguvu, vinyoya vigumu vilivyofunika tundu za pua, na desturi ya kuficha chakula.

Swali la kwanza: kunguru yupi? Mweusi mwenye kifua na shingo nyeupe ni Corvus albus, mwenyeji wa sokoni na jalalani. Mweusi mtupu mwenye mdomo mwembamba ni Corvus capensis; huyu hutembea shambani akichokonoa udongo. Wa tatu, Corvus albicollis, ana baka jeupe kisogoni na mdomo mnene wenye ncha nyeupe, na hupenda majabali ya nyanda za juu. Yule wa Mombasa mwenye shingo ya kijivu, Corvus splendens, asili yake ni Asia. Aliletwa Zanzibar miaka ya 1890.

Swali la pili: kwa nini kunguru yuko kwenye mashamba ya chai? Michai imesongamana, na ardhi iliyo chini yake haifikiki kwa urahisi. Riziki iko kandokando: malisho ya ng'ombe, mahindi, taka za makazi. Mikaratusi inayopandwa kwa kuni za viwanda vya chai humpa urefu wa kujengea kiota cha vijiti. Humo dume na jike hulea pamoja, na mara nyingine hulea kinda la kekeo mwenye madoadoa wakidhani ni wao.

Swali la tatu ni la mkulima: ndege huyu ni hasara au faida? Hung'oa mahindi yanayochipua, na hula pia mabuu yaliyomo udongoni. Anayehesabu mahindi peke yake amefanya nusu ya hesabu. Basi beba daftari, andika tarehe, saa, spishi na kilichomo mdomoni.